Umepata albamu ya zamani ya picha za safari? Usibandue kitu kwanza

Watu wakishika albamu ya hivi, ile nzito ya jalada la ngozi, ya daktari tajiri wa Uingereza au Ujerumani aliyepanda meli miaka ya 1890 huko akapita Suez mpaka Zanzibar, kitu cha kwanza wanatafuta picha kali waing'oe. Acha kabisa. Utamu uko kwenye mpangilio, ukifuata kurasa unaiona njia ya daktari, Port Said ya Misri, Aden, Zanzibar, na ukishachomoa moja hujui tena ilikaa kati ya nini na nini. Madalali ndo wanapenda kuzichambua wauze moja moja sababu hela inatoka haraka, na hata kama we ni dalali, subiri kidogo.

Nawa mikono, kausha vizuri, usipake mafuta, chai ikae mbali. Egemeza majalada kwa taulo zilizokunjwa ili mgongo usipasuke, halafu piga kila ukurasa na simu karibu na dirisha bila flashi, hata kurasa tupu, maana alama ya gundi kwenye ukurasa mtupu inakwambia kuna picha ilishatoka.

Sasa usidhani daktari ndo alipiga hizo picha. Kabla ya Kodak kutoa kamera yake ndogo mwaka 1888 kupiga picha safarini ilikuwa mzigo, masanduku na vioo vya negativu, kwa hiyo matajiri walishuka bandarini wakanunua picha za studio wakabandika wenyewe, na mazoea hayo yaliendelea hata miaka ya 1890. (Wapo waliopiga wenyewe, John Kirk aliyekuwa daktari kwenye msafara wa Livingstone wa Zambezi alikuwa na kamera yake, ila ni wachache.) Angalia pembe ya chini ya picha, saa ingine kuna namba na jina la mpiga picha au studio kwa maandishi meupe. Zangaki, hao ni wa Port Said. Bonfils, hao studio yao ilikuwa Beirut toka 1867. Ukikuta Gomes au Coutinho umefika Zanzibar, walikuwa Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India.

Karatasi nayo inaongea. Ikiwa nyembamba, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau na sehemu nyeupe zimekuwa njano, hiyo mara nyingi ni karatasi ya ute wa yai, ilitamba kuanzia miaka ya 1850 mpaka 1890 na kitu. Ukiinamisha picha ukaona weusi unang'aa kama fedha, hiyo kawaida ni ya teknolojia iliyokuja baadaye. Na ukikuta vipicha vidogo vya duara, hapo furahi, Kodak za mwanzo ndo zilitoa duara, kwa hiyo huenda ni jicho la daktari mwenyewe au mke wake.

Kwa picha za Forodhani kuna njia rahisi ya kujua mwaka. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani linalotazama bahari, ilijengwa 1883. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, maana mnara ule uliharibika siku ile. Ukiona mnara wa saa uko katikati ya uso wa jumba lenyewe, basi ni 1897 au baada ya hapo. Ila angalia, studio ziliuza negativu za zamani miaka na miaka, kwa hiyo daktari angeweza kununua mwaka 1900 picha ya 1890, we tafuta picha iliyo mpya kuliko zote, safari haiwezi kuwa ilifanyika kabla ya hiyo.

Maandishi yaliyoko chini ya picha yanakili kama yalivyo, hata ya matusi, na utayakuta, mpagazi au mwanamke wa Kiswahili kaandikwa kama bidhaa, jina lake halipo. Usirekebishe. Andika maelezo yako kwenye daftari tofauti, na kama lazima uandike namba ya ukurasa tumia penseli laini, pembeni, usiguse picha.

Kuhifadhi: hakuna selotepu, hakuna laminesheni, hakuna kufuta kwa kitambaa kibichi. Kati ya kurasa weka karatasi nyembamba isiyo na asidi, ilaze ndani ya boksi la aina hiyo hiyo. Huku pwani usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unabaki ndani ukungu unaanza, iweke kabati la ndani mbali na ukuta wa nje, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vitie humo. Ikishanuka ukungu itenge na vitabu vingine, ikaushe kivulini penye hewa, jua litaimaliza.

Zilizokwisha banduka zenyewe skani kwa dpi 600 (hicho ndo kipimo cha ukali kwenye skana) mbele na nyuma, faili uipe namba ya ukurasa, na ukiamua kuuza peleka kwanza nakala Nyaraka za Taifa pale Kilimani Zanzibar.