Kabla Hujapiga Rangi Chini ya Milango: Gari la Zamani na Chumvi ya Mombasa

Paa la Peugeot 504 linaweza kupauka kwa jua la Mombasa hadi likafanana na chai iliyotiwa maziwa mengi, na bati lake bado likawa zima. Gari huanza kuliwa na kutu chini: ncha za madigadi, pindo la chini la milango, na kile kizingiti kinachopita chini ya milango yote miwili. Huko ndiko magurudumu yanakorusha changarawe, na ndiko maji yote yaliyoingia juu yanakotulia yakitafuta pa kutokea. Anayevuka Likoni mara kwa mara anajua zaidi, kwa sababu bahari ikijaa, gari linashuka kwenye feri likikanyaga maji ya chumvi, na hayo hurukia uvunguni.

Kwa hiyo swali la "nipige rangi gani?" huja mapema mno. Kwanza tazama upande wa pili wa bati. Funga sumaku kwenye kitambaa laini uipitishe polepole kuanzia usawa wa kitasa kushuka chini. Inapokataa kushika, hapo kuna puti nene, ule udongo wa kujazia na kusawazisha bodi, na chini ya puti nene mara nyingi kuna tundu ambalo mtu aliona aibu kulikata. Kisha ingia uvunguni na bisibisi butu ugonge kizingiti urefu wake wote. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza au huingia ndani. Kwenye 504 ya saluni, yaani ya abiria, jambo hili si la urembo, maana gari lile halina chesi ya kujitenga, ile fremu ya chuma inayokaa chini ya bodi. Bodi ndiyo inayobeba uzito, na kizingiti ni sehemu ya mifupa yake. Kikiwa kimeoza, pesa ya rangi ipeleke kwa mchomeleaji kwanza.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Gereji moja ilinirudishia gari likiwa jeusi ti chini, limepakwa lami nzito, nami nikafurahi kweli. Masika mawili baadaye nililibandua pande la lami kwa ukucha. Lilitoka zima kama ganda la embe, na nyuma yake kulikuwa na maji na unga wa kutu. Lami ikizeeka hukauka na kupasuka, maji huingia kwenye ufa, na kuanzia hapo kazi yake ni kuyaficha. Walikuwa wameziba na matundu ya kutolea maji.

Ukishajua hali ya bati, lioshe kabla ya kulipiga msasa. Wengi hufanya kinyume. Msasa juu ya bati lenye chumvi huisukuma chumvi ndani ya vishimo vya kutu, na ikibaki chini ya rangi itavuta unyevu kupita katika rangi yenyewe mpaka itokeze malengelenge. Hapa kuna mtego wa kwetu: mitaa mingi ya Mombasa maji ya bomba ni maji ya kisima, na ukiyaonja utajua ni ya namna gani. Kuoshea sabuni yatafaa, lakini suuza ya mwisho nunua mitungi miwili mitatu ya maji matamu kwa wauza maji wa mikokoteni. Baada ya msasa, futa kwa dawa ya kutoa mafuta, kisha mwagia maji matamu kidogo ujaribu. Yakitandaa kama shuka, bati ni safi. Yakijikusanya matonematone, bado lina mafuta. Likaushe mara moja, kwa sababu bati tupu katika hewa yetu linaweza kuota wekundu kabla ya kesho yake.

Sasa tuzungumze rangi. Tabaka linalofanya kazi ya kuzuia kutu ni praima, yaani rangi ya kwanza juu ya bati, na kwa sehemu za chini mimi sina mjadala: epoksi ya makopo mawili, ile inayochanganywa na hadina yake, dawa ya kuigandisha. Praima ya kawaida ya kijivu, ile rahisi kusugua, hunyonya unyevu. Ukiipiga leo ukaliacha gari nje wiki mbili ukisubiri hela ya rangi, umeweka sifongo juu ya bati. Epoksi huziba. Puti, kama lazima iwepo, ikae juu ya epoksi na iwe nyembamba. Na kama fundi wako anapenda praima ya asidi, muulize maelezo ya kiwanda yanasemaje kabla ya kuichanganya na epoksi au puti, kwa sababu mara nyingi hazipatani: asidi iliyobaki huvuruga ugumu wa tabaka linalofuata. Mwenye Land Rover ya zamani ana shida nyingine. Bodi yake ni ya alumini na chesi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Rangi peke yake haitamsaidia. Kila panapogusana paingizwe kitenganishi, na skrubu zipakwe.

Juu ya epoksi, maungio ya bati yazibwe kwa sila, kisha lije tabaka la mpira lenye vipelepele la kuzuia changarawe. Chagua lile linalokubali kupakwa rangi juu yake. Kazi yake ni kubonyea jiwe linapogonga, badala ya kupasuka. Lianzie chini liishie kwenye mkunjo wa asili wa bodi, ili jicho lisione mstari. Watu wa magari ya kale watakuambia vipelepele vinaharibu uasili wa gari. Kwa gari la maonyesho, sawa. Kwa gari linalokwenda Mtwapa na kurudi, nitaishi na vipelepele.

Rangi ya mwisho isichaguliwe kwa mng'aro tu. Ya selulosi, ambayo wazee wengi wa gereji bado wanaipenda kwa kuwa hukauka upesi na kung'arishwa vizuri, ni kavu na changarawe huidonoa kirahisi. Ya makopo mawili ni ngumu zaidi na hustahimili petroli na jua. Kama rangi ya gari lako haina chembe za fedha, piga ya tabaka moja isiyohitaji klia, lile tabaka angavu la kung'arisha linalopigwa juu ya rangi. Jiwe likidonoa rangi yenye klia juu, ukingo wa klia huinuka, maji hupita chini yake, na doa hukua jeupe. Ya tabaka moja utaigusa kwa brashi ndogo Jumapili asubuhi, ukaendelea na mambo yako. Rangi ya kuokwa ya unga ni bora mno kwa vipande vinavyofunguka, kama mikono ya magurudumu, lakini hupikwa kwenye joto la karibu nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo mlango wenye puti hauingii humo. Zipo pia rangi zinazoganda kwa kunywa unyevu wa hewa. Hushika sana juu ya kutu nyepesi na hapa kwetu hazikosi unyevu, ila jua huziharibu, kwa hiyo zibaki uvunguni au zifunikwe kwa rangi nyingine.

Halafu siku yenyewe. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ndiyo yenye mvua chache. Hata hivyo usikubali fundi aanze alfajiri "kabla ya jua". Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande hutua kwenye chochote chenye nyuzi 26 hivi. Bati linatakiwa lizidi kiwango hicho kwa nyuzi 3, yaani 29, na bati lililolala nje halijafika hapo saa moja asubuhi. Subiri saa nne. Joto likizidi, nunua thina ya kukauka polepole, la sivyo rangi hukauka ingali hewani na kutua kama vumbi.

Kuna jambo ambalo sitalipitia haraka. Hadina ya rangi ya makopo mawili kwa kawaida ina isosianeti, na mvuke wake ukivutwa unaweza kumpa mtu pumu asiyokuwa nayo. Kitambaa cha pua hakizuii kitu, na barakoa ya vumbi pia haizuii. Mpulizaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama gereji haina, na hasa kama kazi inafanyika kwenye ua wenye nyumba na watoto, tafuta gereji nyingine, au mkubaliane rangi ya kopo moja na uridhike na uimara mdogo.

Mwambie fundi afungue makopo mbele yako, na uandike uwiano wa kuchanganya pamoja na muda wa kusubiri kati ya tabaka na tabaka. Nta ya kupuliza ndani ya kizingiti ije mwisho kabisa, rangi ikishakomaa, kwa sababu ikigusa bati ambalo bado halijapigwa, rangi haitashika.

Siku ya kulichukua gari, usianze na mng'aro. Shusha kioo, mwaga kikombe cha maji matamu kwenye mfereji wake, kisha chuchumaa uone yanatokea wapi. Kwenye mlango wangu wa dereva yalitoka katika matundu mawili kati ya matatu. La tatu nililizibua palepale kwa waya wa hanga, fundi akinitazama.