Kuandaa kishikwambi kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu akishahamishiwa dawati la mbele, walimu wengi tunaona kazi imekwisha. Lakini hata huko mbele bado anasoma kwa kubahatisha. Kishikwambi kimoja cha Android kinaweza kumsaidia sana, tena bila kununua programu yoyote. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni.

Hatua ya 1. Mwulize mwenyewe. Mwonyeshe sentensi moja kwa ukubwa mbalimbali, achague ile anayoisoma bila kukunja uso. Watoto wengi wenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo skrini nyeupe kwao ni adha: punguza mwangaza, kisha jaribu mandhari meusi. Mwingine atataka kinyume chake. Usimwamulie.

Hatua ya 2. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu (mipangilio ya kuwasaidia wenye ulemavu), ongeza ukubwa wa maandishi, kisha washa ukuzaji na uchague njia ya mkato ya kugusa mara tatu. Akigusa skrini mara tatu upesi, inakuzwa. Akiburuta vidole viwili, anasogea. Akigusa tena mara tatu, inarudi kama ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba skrini ikishakuzwa, mtoto hupotea katikati ya ukurasa. Mzoeshe kuanzia kona ya juu kushoto, afuate mstari hadi mwisho wake, arudi kushoto, ndipo ashuke. Mpe muda wa kulizoea hili kabla ya kumpa kazi ya darasani.

Hatua ya 3. Weka sauti ya Kiswahili, itakayotumiwa na kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kama TalkBack inayoelezwa mwishoni. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu kifaa husoma “ng'ombe” kwa matamshi ya Kiingereza na mtoto haambulii kitu. Tafuta mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, chagua huduma ya sauti ya Google, kisha pakua sauti ya Kiswahili. Pakua mahali penye intaneti, ili darasani isome hata mtandao usipokuwepo. Punguza kasi kidogo siku za mwanzo, na umtafutie hedifoni ili wenzake wasisumbuke.

Hatua ya 4. Kagua kitabu kabla ya kipindi. Bonyeza neno moja bila kuachia. Likijipaka rangi, huenda kitasomeka kwa sauti. Lisipojipaka, inawezekana kurasa zimepigwa picha tu, na kisoma skrini kinaweza kunyamaza. Habari kama hiyo ichape upya wewe mwenyewe, hata aya mbili za somo la siku hiyo.

Hatua ya 5. Kwa ubao, mruhusu apige picha na kuikuza. Nawe soma kwa sauti kila unachoandika. “Hii ukijumlisha na ile” haimfai asiyeona unaponyoosha kidole.

TalkBack ni ya mtoto asiyeona kabisa, au anayechoka upesi kusoma kwa macho. Ikishawashwa, kugusa mara moja husoma tu, kugusa mara mbili ndiko kunakofungua, na ukurasa husogezwa kwa vidole viwili. Weka njia yake ya mkato kwenye vitufe vya sauti: ukivibonyeza vyote viwili kwa sekunde chache, TalkBack inawaka au inazimika. Mfundishe mtoto kufanya hivyo mwenyewe, asisubiri mwalimu afike kwenye dawati lake.