Kumshauri mteja kuhusu kitanzi: mwongozo kwa daktari tarajali

Mteja anayeulizia kitanzi, kifaa cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi, huwa keshasikia mengi mtaani: kinapanda hadi moyoni, kinamchoma mume, kinaharibu kizazi. Mwulize kwanza amesikia nini, kisha mpe kitanzi cha mfano akishike. Aone kilivyo kidogo, herufi T ya plastiki yenye urefu wa sentimita 3.6 tu, imezungushiwa shaba. Mchoree kizazi, umwonyeshe kwamba hakina njia ya kwenda moyoni. Usimfiche kwamba mara chache, takriban mwanamke 1 kati ya 1,000, kizazi hutobolewa, na mara nyingi hutokea wakati wa kuweka.

Mweleze kwamba shaba huzidhoofisha mbegu za kiume zisilirutubishe yai, haitoi mimba. Kitanzi hiki cha shaba, aina ya T380A, hukaa hadi miaka 12, na mwaka wa kwanza hushika mimba chini ya mwanamke 1 kati ya 100.

Sehemu ya hedhi usiipitie haraka. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo damu huweza kuwa nyingi, siku zikaongezeka, na tumbo likauma zaidi. Asiyeambiwa mapema hudhani ameumia, anarudi kukitoa. Mwulize hedhi yake ya sasa ikoje: siku ngapi, pedi ngapi kwa siku? Ikiwa tayari ni nzito na amepauka, pima hemoglobini na mweleze kitanzi cha homoni, ambacho hupunguza damu. Damu ikizidi baada ya kuwekewa, ibuprofen miligramu 400 mara mbili kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5, husaidia, mradi hana vidonda vya tumbo. Aspirini isitumike, yaweza kuongeza damu.

Wengi hunyimwa bure. Dada ambaye hajazaa, mwenye umri chini ya miaka 20, anayenyonyesha, anayeishi na VVU na afya yake ni njema: wote wanaweza kukitumia. Usimwekee mwenye mimba, maambukizi ya nyonga au usaha kwenye shingo ya kizazi, wala anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Na usimrudishe nyumbani asubiri hedhi. Ukishahakikisha hana mimba, siku yoyote inafaa. Baada ya kujifungua, weka ndani ya saa 48, la sivyo subiri wiki 4 zitimie.

Lile la kumchoma mume lina ukweli kidogo: uzi wa kitanzi unaotokeza kwenye shingo ya kizazi ukikatwa mfupi mno, ncha yake huchoma. Acha sentimita 3. Hulainika na kujikunja.

Arudi upesi akipata homa na maumivu makali ya tumbo, akikosa hedhi, asipougusa uzi au akigusa plastiki ngumu. Mwambie akitaka kitolewe, hata mwezi wa pili, kitatolewa bila kuulizwa maswali mengi. Kwenye kadi andika aina ya kitanzi, tarehe ya kuwekwa, na mwezi na mwaka wa kukitoa.