Kutambua umbo la kiini cha zebaki kwa miali ya gama

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa akichambua data za zebaki-184 na zebaki-186, viini vyenye upungufu wa nyutroni ambamo umbo bapa na umbo refu hutengana kwa nishati ndogo mno.

Hatua ya kwanza. Sawazisha vigunduzi vyote vya gerimani kwa chanzo cha europi-152.

Hatua ya pili. Sahihisha athari ya Dopla, yaani kuhama kwa nishati ya mwale kwa sababu kiini kinachoutoa kiko mwendoni, na usiharakishe. Kiini kinachoruka kwa asilimia 4 ya kasi ya mwanga huonyesha mstari wake (kilele katika spektra) wa 367 keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati) karibu na 354 keV katika kigunduzi kilichoko nyuzi 158 kutoka uelekeo wa mwali wa chembe unaogonga shabaha. Kasi usiichukue kwenye hesabu ya mgongano peke yake, kwa kuwa kiini hupunguza mwendo kikiwa bado ndani ya shabaha. Chora nafasi ya mstari unaojulikana dhidi ya kosaini ya pembe, kisha tafuta kasi inayozikutanisha pete zote za vigunduzi mahali pamoja. Mimi nilipuuza jambo hili katika zebaki-186, ambayo mipito yake miwili ya chini (kushuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine) ina 405 na 403 keV, na kosa la sehemu tatu kwa elfu katika uwiano wa kasi hiyo na ya mwanga likaiunganisha kuwa mstari mmoja mnene, nikapoteza wiki nzima nikiujenga mpangilio wa ngazi usiokuwepo. Mistari inayotolewa baada ya kiini kusimama isisahihishwe kabisa, kwani itatanuka.

Hatua ya tatu. Jenga matriki ya gama-gama, yaani jedwali la jozi za miali iliyogunduliwa kwa wakati mmoja, na uweke lango juu ya mstari unaoushuku, yaani chagua miali iliyoonekana pamoja nao tu. Mpito mmoja hauwezi kuonekana sanjari na wenyewe, hivyo mstari ukijitokeza tena ndani ya lango lake, ni miwili. Ushahidi huu nauamini kuliko ulinganishaji wowote wa mkunjo.

Hatua ya nne. Kwa kila mpito kutoka ngazi ya spini I (kiasi cha mzunguko wa kiini), gawa 2I−1 kwa nishati yake katika MeV (keV 1,000), upate kipimo cha inesha ya mzunguko, ambayo hutegemea umbo. Katika zebaki-184, mipito ya 367, 287 na 340 keV hutoa takriban 8, 24 na 32. Mruko huo ndio alama ya kuondoka kwenye umbo bapa la ngazi ya chini na kuingia katika mkanda (mfululizo wa ngazi) wa umbo refu; uwiano wa nishati ya ngazi ya spini 4 kwa ile ya spini 2, ambao ni 1.78, haufai kutumiwa hapa kana kwamba kiini kina umbo moja.

Ngazi ya spini sifuri ya mkanda huo, iliyoko 375 keV, itafute kwa elektroni za ubadilishaji, yaani elektroni za atomu zinazofukuzwa na nishati ya kiini badala ya mwale wa gama, kwa sababu mpito wa spini sifuri hadi sifuri hautoi mwale mmoja wa gama.