Jinsi ya Kuandika na Kuweka Misimbo ya Ugonjwa wa Ini Unaotokana na Pombe

Msimbo wa ugonjwa, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa katika kumbukumbu na takwimu, hauwezi kusema jambo ambalo daktari hakuliandika. Kanuni hii inahusu magonjwa yote, lakini katika ugonjwa wa ini unaotokana na pombe ndipo inapouma zaidi, kwa sababu faili linaweza kutaja unywaji katika ukurasa wa kwanza na makovu ya ini katika ukurasa wa nne, pasiwepo sentensi hata moja inayoviunganisha. Anayeweka misimbo haruhusiwi kuviunganisha kwa kukisia. Sirosisi, yaani makovu ya ini yaliyokithiri, isipotajwa chanzo huangukia msimbo wa K74.6, na mgonjwa huingia katika takwimu kama mtu ambaye chanzo cha ugonjwa wake hakijulikani, ingawa kila aliyemhudumia wodini alikijua. Kwa hiyo maneno "inayotokana na pombe" yaandikwe bayana kando ya jina la ugonjwa, si katika historia ya maisha ya mgonjwa peke yake.

Kundi lenyewe katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni K70. Mafuta kwenye ini ni K70.0, homa ya ini ya pombe ni K70.1, makovu ambayo hayajafikia sirosisi ni K70.2, sirosisi ni K70.3, na ini kushindwa kufanya kazi ni K70.4. Msimbo wa K70.9 upo kwa ajili ya faili lisilosema hatua ya ugonjwa, nao usigeuzwe kimbilio la mtu mwenye haraka.

Marekani hutumia toleo lake, ICD-10-CM, linaloongeza tarakimu ya tano, na hapo undani wa maandishi huonekana mara moja. Sirosisi ya pombe isiyo na maji tumboni ni K70.30, na yenye maji ni K70.31, homa ya ini ya pombe hugawanywa vivyo hivyo kuwa K70.10 na K70.11, ilhali kwa ini lililoshindwa kinachotofautisha K70.40 na K70.41 ni kupoteza fahamu. Kwa kuwa maji ya tumboni yamekwisha kubebwa ndani ya msimbo wa ini, R18.8, msimbo wa maji ya tumboni peke yake, hauongezwi juu yake. Kuchanganyikiwa kunakosababishwa na ini, kwa upande mwingine, kuna msimbo wake, K76.82, uliopo tangu tarehe 1 Oktoba 2022, lakini ni lazima daktari ataje hali hiyo kwa jina lake. "Mgonjwa anaongea ovyo" ni dalili tu.

Tazama maandishi mawili kuhusu mgonjwa mmoja. Ya kwanza: "Mlevi wa siku nyingi, ini limeharibika, tumbo limejaa." Ya pili: "Sirosisi ya ini inayotokana na pombe, yenye maji tumboni yaliyothibitishwa kwa ultrasaundi. Utegemezi wa pombe unaoendelea. Mishipa ya umio imevimba kutokana na sirosisi, haijatoa damu." Maandishi ya pili hutoa K70.31, kisha I85.10 na F10.20 bila kumsumbua mtu yeyote. Zingatia mpangilio: msimbo wa mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya ugonjwa mwingine hautangulii kamwe, hata pale inapotoa damu na kuwa I85.11, ugonjwa wa ini hutajwa kwanza. Maandishi ya kwanza hayatoi kitu cha kutegemea, na neno "mlevi", licha ya kumdhalilisha mgonjwa, si utambuzi wa ugonjwa.

Kundi la K70 huambatana na msimbo wa F10 unaoeleza uhusiano wa mgonjwa na pombe. F10.1 ni matumizi yenye madhara, F10.2 ni utegemezi. Faili likitaja yote mawili, katika ICD-10-CM huwekwa wa utegemezi peke yake. Aliyeacha pombe hafutiwi ugonjwa wa ini: sirosisi yake hubaki K70.3, na F10.21 huongezwa iwapo daktari ameandika kwamba utegemezi umetulia. Msimbaji asilihitimishe hilo mwenyewe kwa kuwa tu mgonjwa amesema hanywi tena.

Kiasi cha pombe kiandikwe kwa gramu, kwani "anakunywa kidogo" hubadilika kulingana na anayeandika. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, kisha kwa 0.8: nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Gramu hizo zina kazi. Katika majina mapya ya magonjwa ya mafuta kwenye ini yaliyokubaliwa mwaka 2023, mtu mwenye matatizo ya umetaboli (kama unene au kisukari) anayekunywa gramu 20 hadi 50 kwa siku akiwa mwanamke, au 30 hadi 60 akiwa mwanamume, ana kundi lake la katikati, kati ya ugonjwa wa umetaboli na ule wa pombe, na daktari hawezi kumweka humo bila hesabu.

Maandishi yakipungua, muulize daktari, tena kwa maandishi. Swali zuri hutaja yaliyomo kwenye faili, kwa mfano kwamba katika vipimo vya damu vya vimeng'enya vya ini, AST imezidi ALT zaidi ya mara mbili na kwamba mgonjwa hunywa kila siku, kisha humwachia daktari achague: pombe, homa ya ini ya virusi, chanzo kingine, au haiwezi kubainishwa. "Je, tuandike kwamba ni pombe?" ni swali linalomwekea jibu mdomoni. Uwiano wa AST na ALT unatosha kuzua swali, lakini hautoshi kuzaa msimbo. Neno "huenda" lina kanuni yake: huko Marekani, "huenda ni homa ya ini ya pombe" iliyobaki hivyo hadi mgonjwa aliyelazwa anaporuhusiwa huwekewa msimbo kana kwamba imethibitishwa, lakini kwa mgonjwa wa nje huwekwa dalili zake tu.

Wanaotumia ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, watalikuta kundi hili katika DB94 na utegemezi wa pombe katika 6C40.2, na misimbo inayohusiana huunganishwa kwa mkwaju (/).