Kutumia filamu fupi za katuni katika kipindi cha kuzungumza

Mwanafunzi wa sekondari msingi jijini Nairobi akiambiwa asimame azungumzie umuhimu wa usafi, aghalabu hukariri sentensi mbili tatu za kitabuni, kisha huketi. Si kwamba hajui Kiswahili. Hana jambo analotaka kumwambia mwenzake. Filamu fupi ya katuni humpa jambo hilo: tukio ambalo ameliona kwa macho yake na ambalo aliyeketi kando yake huenda ameliona vingine. Kwa hiyo mwalimu aitumie filamu kama chanzo cha mazungumzo, wala asiigeuze kuwa zoezi la ufahamu wa kusikiliza. Katika kipindi cha dakika 40, filamu yenyewe isizidi dakika sita au saba, na muda uliosalia uwe wa wanafunzi kusema.

Chagua filamu isiyo na maneno. Wahusika wakinyamaza, mwanafunzi hulazimika kutafuta maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo lugha inapojengeka. Wahusika wawili au watatu wanatosha, mradi pawe na tatizo linaloonekana wazi na linalobadilika kabla ya mwisho. Mfano unaofaa sana ni Piper, filamu ya studio ya Pixar iliyotoka mwaka wa 2016, yenye urefu wa takriban dakika sita: kifaranga wa ndege wa ufuoni anatoka kujitafutia chakula, wimbi linampiga, anarudi kiotani kwa hofu, kisha anajifunza kutoka kwa kaa wadogo wenye maganda mgongoni namna ya kujichimbia mchangani maji yanapopita. Ukikosa filamu ya aina hiyo, chukua kipande cha dakika mbili cha katuni yenye mazungumzo na uzime sauti. Vipindi vya Tinga Tinga Tales, ambavyo vilihuishwa hapa hapa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, vina wanyama ambao watoto wanawafahamu kutoka kwenye ngano, na hata bila sauti vitendo vyao vinaeleweka.

Kabla ya kuonyesha, andika ubaoni maneno machache tu ambayo yatawakwamisha: ufuo, wimbi, povu, kiota, kaa. Wengi wa watoto wetu wa Eastlands hawajawahi kufika Pwani, na maneno haya wanayajua kwa kuyasikia tu. Usiandike orodha ndefu, kwa maana watayasoma maneno badala ya kuitazama filamu.

Usiionyeshe filamu yote kwa mara moja. Isimamishe kifaranga anapokuwa amelowa chapachapa na amekataa kutoka kiotani, uwaulize wanafunzi mama yake atafanya nini, na uwape dakika tatu wabishane wawili wawili. Usiseme nani amekisia vyema, filamu itawajibu.

Sehemu inayofuata ndiyo yenye manufaa zaidi, na inafaa hata darasa la wanafunzi sitini. Katika kila dawati, mmoja aelekee skrini na mwenzake aipe kisogo. Anayeona amsimulie asiyeona kinachotendeka papo hapo: kifaranga anachungulia, wimbi linakuja, kaa wanajichimbia. Baada ya dakika moja na nusu wabadilishane nafasi. Asiyeona huuliza maswali kwa dhati kabisa, kwa sababu anahitaji majibu, na maswali ya namna hiyo ni nadra mno katika madarasa yetu. Kelele zitakuwapo, kwa hivyo ni vyema kumwarifu mapema mwalimu wa darasa jirani.

Pasipo na projekta, njia hii haiharibiki. Kila kundi limteue shahidi mmoja. Mashahidi watazame kipande kwenye simu ya mwalimu pembeni, kisha warudi kusimulia. Mashahidi wakitofautiana, makundi yatabishana, na ubishi huo ni mazungumzo halisi. Filamu iwe imehifadhiwa mapema kwenye kompyuta, simu au flashi, nazo betri zijazwe chaji, kwa sababu stima inaweza kupotea katikati ya kipindi na bando nalo halidumu.

Filamu ikiisha, wasimulie upya bila kuitazama. Hapa umbo la kitenzi hubadilika lenyewe: aliyekuwa akisema "anatoka" sasa atasema "alitoka, akaona wimbi, akakimbia". Wape nafasi ya kuzoea ka ya masimulizi, kwani bila hiyo hadithi husikika kama orodha ya vitendo. Kisha uliza swali moja la ziada: ingekuwaje kama kifaranga asingewaona kaa?

Kuhusu makosa, usimkatize anayezungumza. Yaandike unayoyasikia, na mwishoni uandike matatu ubaoni bila kutaja jina la mtu. Utakayoyasikia Nairobi yanatabirika. Mwanafunzi atasema "mawimbi zinakuja", kwa kuwa mtaani zi- imemeza ngeli nyingi, na atasema "kifaranga kinaogopa" kwa kufuata ki- ya mwanzo wa neno, ilhali kifaranga ni kiumbe hai na huchukua upatanisho wa A-WA. Waulize darasa zima wasahihishe. Mara nyingi wanajua. Ama kuhusu Sheng, mimi huona ni sawa wanafunzi waitumie wanapopanga kazi kundini, ila usimulizi wenyewe uwe kwa Kiswahili sanifu. Mtoto anayekemewa kila anapofungua kinywa hujifunza kukifunga.

Ukiwa na kipindi cha pili, wape kazi ya kuwatia wahusika sauti. Kila kundi litunge maneno ya kifaranga na mama yake kwa kipande cha dakika moja, lifanye mazoezi likiitazama picha, kisha lirekodiwe kwa simu huku filamu ikichezwa bila sauti. Mama amwite mwanawe jinsi mama wa mtaani kwao anavyomwita wake, na kifaranga ajibu kwa adabu au kwa ukaidi wapendavyo. Hifadhi rekodi hizo hadi mwisho wa muhula, na siku hiyo kila kundi lisikilize yake mara moja, kisha lirekodi kipande kile kile upya.