Laptopu haina kisoma CD kinachofanya kazi? Tumia Ventoy

Kama kisoma CD cha laptopu yako kimekufa, usihangaike kutafuta cha nje. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, isakinishie Ventoy, programu inayoiwezesha flashi kuwasha kompyuta, mara moja tu (itafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza), kisha nakili humo faili la ISO (nakala nzima ya diski ya kusakinishia) la Windows au Linux kama unavyonakili wimbo. Washa laptopu ukibonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, au Esc halafu F9 kwenye HP, uchague flashi, na orodha ya ISO zako itatokea.

Kunakili ISO kwenye flashi ya kawaida hakusaidii, kwa sababu kompyuta inapowaka hutafuta programu ya kuanzishia, na ISO peke yake huiona kama faili tu. Ventoy ndiyo inayoweka programu hiyo, kisha yenyewe inaifungua ISO. Flashi hupangwa kwa exFAT (mfumo wa kuhifadhi mafaili), hivyo hata faili linalozidi GB 4 linaingia. Mimi naweka na Linux moja ya kuokolea mafaili, hapo hapo.

Inagoma wapi? Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaozuia programu za kuanzishia isizozitambua) ikiwa imewashwa, mara ya kwanza utatakiwa kusajili ufunguo wa Ventoy, au uizime. Windows 7 nayo ina kisirani chake: kwenye tundu la USB 3.0 huanza vizuri kisha hudai draiva ya CD. Hamishia flashi tundu la USB 2.0. Na laptopu kongwe kabisa zisizoweza kuwaka kwa USB, hapo Ventoy haina la kufanya.